Alama za Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wa kemia alitolewa nje ya maabara yake mwenyewe, akabaki akipiga miguu barazani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ndani, mwalimu mkuu aligawa fomu. "Msiandike majina. Mwelezeni kama alivyo. Hizi ndizo zitakazoamua kama mkataba wake utaendelea."

Meza ya mbele alikaa mwanafunzi ambaye darasa zima lilimwita Maswali, kwa mapenzi na kwa haki. Akavaa miwani, akasoma polepole.

Je, mwalimu anafika darasani kwa wakati? Tano juu ya tano. Hata mvua haijawahi kumchelewesha.

Anafanya majaribio ya vitendo? Tano. Wiki iliyopita nusura aunguze pazia, lakini rangi ya ule moto hakuna atakayeisahau.

Anasikiliza maswali ya wanafunzi?

Hapo kalamu ikagoma. Juzi Maswali alinyoosha mkono mpaka bega likauma, maana kusawazisha milinganyo kulikuwa hakumwingii kabisa. Mwalimu akamwambia, "Shusha mkono, tutafika huko." Kengele ikalia, hawakufika popote.

Jirani yake akachungulia. "Mpe tano tu, yaishe. Si unampenda kuliko sisi sote?"

"Kumpenda nampenda," Maswali akanong'ona. "Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Na akifukuzwa?"

Hilo lilimchoma. Akatupa jicho dirishani. Mwalimu alikuwa amesimama sasa, kifungo cha koti lake jeupe kikining'inia kwa uzi mmoja, na vidole vikamwasha Maswali kutoka akakishone palepale. Roho ilimwambia aandike tano. Mtihani wa mwisho, uliobakiza miezi mitatu, ulimwambia vingine.

Akaandika mbili. Pembeni akaongeza: "Anajua sana, ila anakimbia. Akipunguza mwendo, hata sisi wazito tutafika. Msimfukuze. Mfundisheni kusubiri."

Moyo ukatulia. Likabaki swali moja tu: Umemfahamu mwalimu huyu kwa muda gani?

"Miaka thelathini na minne," akaandika bila kusita. "Nilimzaa mwenyewe."