Bila Kupingwa

Mabango yaliyolowa mvua yalibanduka ukutani yote kwa pamoja, mazito kama godoro, na mbandikaji akajikuta anatazamana na kaka yake.

Juu ya uso ule walikuwa wamebandikwa mbunge mzee, kisha mwanawe, uchaguzi baada ya uchaguzi, kwa tabasamu lile lile. Jimbo halikuwa na wabunge wengine. Walipita bila kupingwa, isipokuwa mara moja, kaka alipogombea. Alitoka kwenda kwenye mkutano wake wa mwisho, hakuonekana tena. Waliokuja kupekua nyumba walibeba hata picha zake.

Tangu hapo mama huomba jambo moja tu kila jioni: "Ee Mola, nionyeshe uso wa mwanangu kabla sijafumba macho."

Mbandikaji aliingiza ukucha chini ya kona ya karatasi. Ikaanza kuachia taratibu, nzima, mpaka shingoni.

"Fundi, unabandika au unachuna mbuzi?"

Meneja wa kampeni alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Aliutazama ukuta, akacheka kidogo.

"Kumbe huyu bado yupo."

"Nilikuwa nasafisha tu, mkuu."

"Vizuri. Na bi mkubwa hajambo? Bado anakaa peke yake kule bondeni?"

"Hajambo."

"Msalimie sana."

Mbandikaji alichovya brashi kwenye ndoo ya gundi. Akaomba msamaha kimoyomoyo, akaanza na macho.