Sentimita Nne

Boksi liligoma mlangoni.

Nekoye alilipima tena. Kila alivyoligeuza, lilizidi mlango kwa sentimita nne. Lilikuwa boksi la spika mbili za inchi kumi na nane, alilolijenga sebuleni kwa sababu ya mvua ya Kitale. Mchana huu lilingojewa Saboti, kwenye harusi ya dadake, na watu wa muziki wa huko walikuwa wamemcheka: ati mwanamke atengeneze besi?

"Mama watoto, si ukate tu upande mmoja?" mumewe alisema.

"Nikikata, hewa ya ndani inapungua. Besi inakufa, bana."

Alipitisha kidole kwenye kona aliyoiziba mara tatu kwa gundi na unga wa mbao. Halafu akachukua mtaimbo, akauchomeka nyuma ya fremu ya mlango.

"Unafanya nini?"

"Mlango tutarudisha jioni."

Alikandamiza kwa uzito wake wote. Fremu ililia, lakini haikutoka.

Mumewe alivua shati lake la harusi, akalitundika kitini.

"Lete hiyo mtaimbo," alisema. "Hii misumari nilipiga mwenyewe tukioana. Najua mahali yote iko."