Mondo wa Kitambaa

Mondo alikuwa amelala kifudifudi mezani, na mzee Kabera alikuwa akimpiga pasi.

Alikuwa mondo wa kitambaa, manyoya ya kiwandani, madoa yamechorwa kwa brashi, moja baada ya jingine. Tangu binti yake Annah aajiriwe kulinda wanyama wa porini, fundi huyu wa mtaa wa Muhima hakupenda kushona kitu kingine. Annah alimweleza kwamba wataalamu wa dunia hawamhesabu mondo kuwa hatarini, ila kwenye bonde analolinda yeye wanakwisha, wananaswa ili wacheza ngoma wavae ngozi begani.

"Baba, wakipata ya bandia inayopendeza, nani atahangaika na mitego?"

Kabera akajifunga kibwebwe. Ndani ya kila vazi alishona lebo: NGOZI BANDIA, FUNDI KABERA, MUHIMA. Annah akaipeleka kwa wakaguzi wa barabarani ili waitambue.

Hata hivyo, jana alirudi na waya wa mtego mkononi, macho mekundu. "Mwaka huu sijaona hata unyayo, baba." Kabera aliupokea ule waya. Usiku kucha moyo ulimuuma.

Sasa Armel, muuza mavazi ya ngoma aliyekulia Bujumbura, aliingia akicheka hadi jino la mwisho likaonekana.

"Mzee, kazi yako iko bien sana! Juzi polisi walisimamisha gari, walifungua mzigo yote. Waliona jina yako, wakacheka, wakaniambia nenda."

"Hawakuzikagua ngozi zenyewe?"

"Za nini? Jina yako inatosha."

Kabera alitamani Annah angekuwepo asikie. Kumbe yeye na binti yake hawakuwa wakijisumbua bure! Walau kuna wanaovaa kitambaa, na mahali fulani mondo mmoja bado anatembea na ngozi yake.

"Safari hii unataka mangapi, mwanangu?"

"Mia."

"Mia!" Mzee alishika kiuno. "Kitambaa hicho sina. Itabidi niagize Kampala."

Armel aliinua vazi kutoka mezani, akalipindua, akaipapasa lebo kwa kidole gumba. Kisha akalirudisha palepale, polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha mtu mwingine.

"Usiagize kitambaa, mzee," alisema. "Ngozi niko nazo. Wewe unishonee lebo tu."