Kicheko cha Siku Tisini

Kampuni inayounda friji zinazoongea hukopa vicheko vya watu kwa siku tisini, na kuviandika kwenye mizania yake kama mikopo ya muda mfupi. Shekue alikopesha chake, akapewa friji. Tangu hapo mkewe Kibibi akimtania, yeye hutikisa mabega tu, kimya, machozi yakimtoka.

Siku ya tisini, Kibibi alifungua mizania mpya kwenye simu. Mikopo ya muda mfupi: hakuna kicheko hata kimoja.

"Wamerudisha!"

Akashuka mstari mmoja. Vyote vilikuwa vimehamishiwa mikopo ya muda mrefu.

"Baba Rehani," akamwita mumewe, "hebu njoo uone vituko!"

Shekue akasoma, mabega yakaanza kumtikisika. Nyuma yake friji ikaangua kicheko kile kile kilichomfanya Kibibi akubali posa. Kibibi akageuka, akajikuta anaitabasamia friji.