Orodha Isiyo na NA

"Wewe humo," mlinzi alisema, akakirudisha kidole juu ya orodha na kukishusha tena hadi chini. "Nimetazama mara tatu. Humo."

"Orodha hiyo nimeitengeneza mimi," mtakwimu akasema.

"Basi ungejiandika."

Ilikuwa imebaki robo saa harusi ianze. Mtakwimu alimwahidi bibi harusi mambo mawili tu: orodha isiyo na kosa hata moja, na kwamba leo, angalau leo, hatachelewa. Sasa amesimama nje ya geti la ukumbi, jasho linamtiririka ndani ya suti, na ua la kifuani limeanza kunyauka.

"Nimeshakwambia mimi ni nani."

"Umeniambia. Na kuna mzee kapita hapa akasema yeye ni waziri."

Mtu mwingine angenakili majina kwa mkono, yakaisha. Yeye hapana, kunakili aliona ni kazi ya watu wasiosoma. Mama wa bibi harusi alimtumia faili la Excel lenye shiti nane, kila ukoo na shiti yake, naye akaziingiza zote kwa mpigo kwenye R, ile programu ya takwimu anayoiringia hata mezani kwa watu. Akaiamuru itupe kila mstari ambao safu ya pili haina kitu, maana mama yule alikuwa ameacha mistari mitupu kila mahali. Mistari ikapungua sana. Akafurahi kwamba data imesafishika, akachapisha bila kusoma.

Shangazi yake akafika, kamshika mumewe mkono, wamependeza hao!

"Nanyi hammo," mlinzi akasema.

"Hata wewe, mwanangu?" Shangazi alimgeukia mtakwimu, macho yamemtoka.

Nyuma yao walikuwepo wengine, wawili wawili, hadi barabarani. Ndipo akatokea yule jirani aliyemposa bibi harusi mara mbili, akakataliwa mara mbili. Kidole cha mlinzi kikasimama.

"Huyu yumo. Peke yake. Karibu sana, bwana."

Peke yake! Mtakwimu akaiona ile safu ya pili, kwa herufi kubwa azipendazo yule mama. Kwa kapera: PEKE YAKE. Kwa mtu na mwenzake: NA. Na kwa programu ile, NA si neno. NA maana yake hapana kitu. Shangazi NA mumewe, tupa. Akakumbuka mpaka mstari wa kwanza kabisa wa shiti ya kwanza, mstari wa maharusi wenyewe.

"Niazime kalamu!" alilia. "Kosa ni 'na' tu!"

"Na nini?"

"Na! 'Na' yenyewe!"

"Malizia sentensi, mzee wangu," mlinzi akasema kwa upole.

Redio ya mlinzi ikakoroma kutoka ukumbini. "Bibi harusi ameshakaa. Bwana harusi yuko wapi?"

Mlinzi akapitisha kidole, mstari kwa mstari, bila haraka.

"Bwana harusi humu hayumo," akajibu. "Ila kuna mmoja ameingia sasa hivi, yuko peke yake."

Redio ikakoroma tena.

"Anasema yuko tayari," redio ikasema.

Mtakwimu akatia mkono mfukoni, akazishika pete zote mbili.