Siku ya Somoe Kuchagua Nyumba

Kilwa ilikuwa na sheria moja: familia isilale yote mahali pamoja. Nusu ilale mnarani, nusu handakini. Kimbunga kikiangusha mnara, au tsunami ikijaza handaki, wa kubaki hatakosekana.

Leo Somoe alitimiza miaka saba, na ilikuwa zamu yake kuchagua. Mama yake, Salha, alishuka mnarani alfajiri akakaanga vitumbua vya mtaa mzima. Baba, Chande, alitoka handakini na kanzu mpya.

"Njoo kwangu, mwanangu!" Chande alisema. "Kimbunga kinakuja kila mwaka. Ukijumlisha, hicho ndicho kimeua wengi!"

"Lakini kinapiga hodi siku tano kabla!" Salha akadakia. "Tsunami haipigi hodi. Asubuhi moja tu, mji umekwisha!"

Majirani wakaangua kicheko, hawa wakimshangilia baba, wale mama. Ofisa wa mji akainama na muhuri wake. "Haya, bibie, wapi?"

Somoe alitazama ngazi za mnara, akatazama mlango wa handaki. Alikuwa akirukaruka kwa furaha.

"Kwa baba! Kule ukiimba, ukuta unakuitikia!"

Ofisa akamgonga muhuri mkononi. Salha akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote vya siku ile. Ndivyo bibi yake Somoe alivyompigia mwanawe Bakiri, kaka yake Salha, aliyechagua handaki kwa sababu ya ukuta uleule, mwaka mmoja kabla ya tsunami.