Saini Juu ya Mvua

Bwana Lukumbo, mkuu wa utabiri kutoka makao makuu, alilifungua daftari la vipimo juu ya meza ya Nyamizi, mpimaji mvua wa kituo.

"Binti, kesho tume inayochunguza mafuriko inakuja. Hizi milimita mia na tisini ziwe kumi na tisa. Kalamu iliteleza tu, au siyo?"

Asubuhi ya mvua ile ya mafuriko Nyamizi alikuwa amempigia simu mara tatu, akimsihi atoe tahadhari. Hakuitoa. Jioni ya siku hiyo mto ulimchukua mdogo wake Nyamizi.

"Rekebisha wewe, mzee," alisema kwa upole. "Mimi mkono unatetemeka."

Bwana Lukumbo akaipiga namba mstari mmoja, akaandika mpya juu yake. Kwa miaka ishirini alikuwa amewafundisha wapimaji wote kwamba kosa halifutwi, hupigwa mstari na kutiwa saini. Mkono wake ukatia saini na tarehe, bila hata kufikiri.

"Umenisaidia sana, mwanangu."

"Karibu tena, mzee."

Gari lilipoondoka, Nyamizi alilibeba daftari hadi juani, karibu na kipima mvua. Chini ya mstari, mia na tisini ilisomeka vizuri. Akaipuliza saini polepole, ikauke.